Imatinibu kwa mgonjwa wa saratani ya damu ya CML: tuanzie wapi kutafuta msaada wa gharama?

Mwanaufipa (Sumbawanga):

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Naandika kwa niaba ya kaka yangu mwenye umri wa miaka 41, fundi wa kuchomelea vyuma na baba wa watoto watatu. Tangu mwishoni mwa mwaka jana alikuwa akilalamikia uchovu, jasho jingi la usiku na uzito chini ya mbavu za kushoto. Tulidhani ni malaria isiyokwisha, hadi daktari alipompapasa tumbo akatuambia kwamba bandama imevimba. Kipimo cha picha kamili ya damu kilionyesha chembe nyeupe nyingi kupita kiasi, tukapewa rufaa ya kwenda hospitali ya kanda, na huko tukaelezwa kwamba inaelekea ana saratani ya damu iitwayo CML. Alipewa vidonge vya haidroksiurea vya kushusha chembe hizo, pamoja na cheti cha dawa ya imatinibu, miligramu 400 kila siku, tukanunue wenyewe kwa kuwa siku hiyo dirishani haikuwepo.

Hapo ndipo mzigo ulipotulemea. Duka la dawa tulilolifikia lilitutajia bei ya mwezi mmoja inayozidi mshahara wangu wa ualimu. Tuliuza ng'ombe wawili, tukanunua vidonge 30, na jana nimegundua kwamba katika siku 16 kaka amemeza vinane tu, akiruka siku moja kila baada ya siku moja ili vimfikishe mbali. Hakuniambia kwa sababu alijua nitauza na wa tatu. Hana bima. Mimi ninayo ya utumishi wa umma, lakini kaka haingii katika orodha ya wategemezi wangu.

Ninachoomba kujua ni kama upo mfuko, mpango au ofisi inayowasaidia wagonjwa wa namna hii, na kama ipo, mtu huanzia mlango upi. Ndugu wameanzisha kundi la michango kwenye simu, na kilichopatikana mpaka sasa kinaweza kununua dawa ya mwezi mmoja mwingine. Sitaki tukitumie kabla ya kuwasikia waliokwisha kupita njia hii.

Mama wa Machame:

Mdogo wangu, pole sana, na umfikishie kaka pole zangu. Mimi ni mgonjwa wa CML tangu 2011. Niligunduliwa nikiwa na mtoto wa kubeba mgongoni, na mtoto huyo sasa ananizidi kimo. Nimeanza na hilo kwa makusudi ili kaka yako alisome kabla ya mengine yote.

Naomba msinunue tena dawa ya mwezi mzima dukani kabla hamjauliza kama hospitali inaweza kumpatia bila malipo, kwa sababu njia hiyo ipo na ndiyo iliyoniweka hai. Imatinibu iliidhinishwa Marekani mwaka 2001. Mwaka uliofuata kampuni ya Novartis, inayoitengeneza kwa jina la Glivec, ilianzisha mpango wa kuitoa bure kwa wagonjwa wasio na uwezo katika nchi nyingi, na kazi ya kuusimamia ikapewa The Max Foundation, shirika la Marekani lililoanzishwa 1997 kwa kumbukumbu ya kijana aliyefariki kwa ugonjwa huuhuu. Sisi wa zamani tuliujua mpango ule kwa jina la GIPAP. Tangu 2017 shirika hilo linauendeleza kwa sura mpya na kwa jina la CMLPath to Care.

Elewa vizuri jinsi unavyofanya kazi, maana hapa wengi hupoteza miezi. Mgonjwa haandiki barua ya maombi mwenyewe, wala ndugu hawapigi simu kuomba. Dawa hupelekwa hospitalini, na daktari bingwa wa hospitali iliyomo katika mpango ndiye humwandikisha mgonjwa baada ya ugonjwa kuthibitishwa. Basi mkirudi kwa daktari mwulizeni waziwazi: hapa mnaandikisha wagonjwa wa CML kwa dawa ya msaada? Akisema hapana, ombeni rufaa ya kwenda kunakoandikishwa. Mimi niliandikishwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, wakati ambapo kwetu Kaskazini hatukuwa na mahali pengine pa kwenda. Kila baada ya miezi mitatu nilipanda basi la alfajiri, nikalala kwa shemeji yangu Mbagala, nikachukua dawa na kurudi. Ulizieni pia kliniki ya damu ya Muhimbili, lakini anzeni na hospitali ya kanda iliyowapa cheti, kwa kuwa huenda jibu liko kwenye chumba cha pili kutoka pale mlipokaa.

Kuna neno moja katika maelezo yako limenishtua: "inaelekea". Bandama iliyovimba na wingi wa chembe nyeupe humfanya daktari ashuku CML, lakini kinachoithibitisha ni kipimo cha vinasaba kinachotafuta BCR-ABL, yaani jeni inayozaliwa pale kipande cha kromosomu ya 9 kinapobadilishana mahali na kipande cha kromosomu ya 22. Dawa hii imetengenezwa kuizuia protini inayotokana na jeni hiyo, kwa hiyo asiye nayo hawezi kuandikishwa, na haki ni kwamba asipewe. Hukusema kama kaka amefanyiwa kipimo hicho. Kama bado, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya fedha ya mchango. Hufanyika hata kwa mashine ya GeneXpert, ileile inayopima kifua kikuu, ila kwa katriji yake maalumu. Mwulizeni daktari kama damu inaweza kutumwa maabara ili mgonjwa asisafiri.

Fedha itakayobaki iwekeni ya nauli. Katika miaka yangu yote ndani ya mpango sijawahi kulipia kidonge hata kimoja, lakini nauli, chakula cha njiani na malazi vilinitoa jasho. Mwaka 2014 nilikosa kliniki moja kwa sababu sikuwa na tiketi ya basi, nikakaa majuma matano bila dawa, na nilipofika majibu yangu yalikuwa yameharibika. Daktari hakunikaripia. Alinionyesha tarakimu mbili, ya zamani na mpya, akanyamaza, nami nikalia pale pale kwa sababu miaka mitatu ya nidhamu ilikuwa imetikiswa na nauli ya siku moja. Tangu hapo nina fungu la kliniki katika kikoba chetu cha akina mama, na fungu hilo haliguswi hata ada ya shule inapokaribia. Wanakikundi wanalijua na wananilinda nalo. Kundi lenu la michango lingefaa kuwa la namna hiyo: kiasi kidogo, kila mwezi, kwa miaka. Ndugu hujitokeza kwa wingi mwezi wa kwanza, lakini ugonjwa huu humhitaji mtu atakayekumbuka katika mwezi wa thelathini.

Mfamasia wa Nyanda:

Mwalimu, Mama wa Machame ameeleza njia kwa usahihi. Mimi naongeza la leo usiku: kaka aanze kumeza kidonge kila siku kama alivyoandikiwa, na asimeze viwili kwa mkupuo akidhani anafidia zile siku zilizopita.

Namwelewa kabisa. Mtu anayehesabu vidonge kwa bei ya ng'ombe lazima atafute namna ya kuvirefusha. Lakini imatinibu hufanya kazi kwa kuikalia protini mbovu bila kuipa nafasi. Kiwango chake katika damu kikishuka, chembe za saratani huendelea kugawanyika, na katika kugawanyika huko zinaweza kupatikana zilizobadilika kiasi kwamba dawa haizishiki tena. Likitokea hilo, hatua inayofuata ni dawa kama nilotinibu au dasatinibu, ambazo ni ngumu zaidi kupatikana. Kwa hiyo vidonge 22 vilivyobaki ni vya siku 22, na siku hizo ndizo muda wenu wa kukimbizana na uandikishaji. Vikikaribia kwisha kabla ya jibu, mpigieni daktari mapema, maana yeye ndiye wa kuamua haidroksiurea itumikeje katika kipindi hicho. Haidroksiurea hushusha wingi wa chembe lakini haigusi chanzo, hivyo nafuu atakayoiona isiwadanganye kwamba imatinibu inaweza kungoja.

Dawa imezwe pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji, kwa kuwa hukera tumbo. Uvimbe kuzunguka macho na kukakamaa kwa misuli ni maudhi yanayojulikana, ayataje kliniki na asiache dawa kwa sababu yake. Endapo amewahi au ataanzishiwa dawa za kifua kikuu, daktari wa saratani aambiwe kabla, kwa kuwa rifampisini hupunguza sana kiwango cha imatinibu mwilini. Dawa za mitishamba nazo zitajwe bila aibu. Na kwa wanawake wanaosoma uzi huu, ujauzito na imatinibu haviendi pamoja. Pangeni na daktari kwanza.

Kuhusu bei, ikiwalazimu kununua, ulizeni jenereki, yaani dawa ileile iliyotengenezwa na kiwanda kingine. Mnamo tarehe 1 Aprili 2013 Mahakama ya Juu ya India ilikataa kuipa Novartis hataza, yaani haki ya kuwa mtengenezaji pekee, ya dawa hii nchini humo, na viwanda vya India vikaendelea kuitengeneza kwa bei iliyo chini mno kuliko ya Glivec. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza imatinibu katika orodha yake ya dawa muhimu. Mtu asiwatishe kwamba jenereki ni dawa ya maskini isiyofanya kazi. Kinachotakiwa ni kununua katika famasi iliyosajiliwa, dawa iliyosajiliwa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na kuchukua risiti yenye namba ya toleo. Msinunue vidonge vilivyotolewa kwenye boksi lake na kufungwa katika karatasi, wala vinavyotumwa kwa basi na mtu msiyemjua.

Mwanaufipa:

Nawashukuru kutoka moyoni. Jana usiku nilimsomea kaka maneno ya Mama wa Machame, akaniomba niyarudie. Ameanza kumeza kila siku. Nimepekua makaratasi yote na ni kweli, kipimo cha BCR-ABL hakimo. Kuna picha ya damu tu na maelezo ya daktari kwamba kifanyike. Sisi hatukuelewa uzito wa mstari ule mmoja.

Nina swali jingine ambalo naliuliza kwa wasiwasi. Binamu yetu ana kadi ya bima, wanafanana na kaka na majina mawili yanalingana. Wazee wamependekeza kaka aende na kadi hiyo. Wengine wanasema tuombe msamaha wa matibabu. Mwenye kulijua hili tafadhali.

Afisa Ustawi Mstaafu:

Mwanangu, nimefanya kazi katika dawati la ustawi wa jamii hospitalini kwa miaka mingi, kwa hiyo nitakujibu kama ningemjibu mtoto wangu akiwa amekaa mbele yangu.

Kadi ya binamu iacheni. Tuweke kando kwamba ni kosa. Kila kipimo, kila dawa na aina ya ugonjwa vitaandikwa katika kumbukumbu za binamu, naye siku akiumwa atatibiwa kama mgonjwa wa saratani. Na kaka yako, ambaye kuandikishwa kwake kwenye dawa ya msaada kunategemea majibu yenye jina lake, atabaki na majibu ya mtu mwingine. Nimeona familia ikianza upya kila kitu, hata kipimo, kwa sababu hiyo.

Msamaha ni haki iliyowekwa katika Sera ya Afya ya mwaka 2007, si fadhila ya mtu aliyekaa dirishani. Kuna makundi yanayosamehewa kwa hali yao, yakiwemo ya wenye magonjwa sugu kama saratani, na kuna msamaha wa asiyejiweza, ambao hutolewa baada ya hali yake kuchunguzwa. Utaratibu unaanzia nyumbani. Nendeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji, mpate barua ya utambulisho yenye picha na muhuri, ieleze kazi ya kaka, idadi ya wategemezi na kwamba amelazimika kusimamisha kazi kwa ugonjwa. Ambatisheni nakala ya rufaa na maelezo ya daktari. Mkifika hospitalini nendeni dawati la ustawi wa jamii kabla ya kwenda kwa mhasibu, kwa sababu ni rahisi kumsaidia mtu ambaye ankara yake haijatolewa kuliko aliyekuja kulia nayo mkononi. Mtaulizwa maswali ya kipato, ardhi, mifugo na aina ya nyumba. Semeni kweli, hata kuhusu ng'ombe mliowauza. Kuuza mifugo kwa ajili ya dawa ni ushahidi wa hali yenu, na afisa makini ataliandika hivyo.

Lazima pia niwaambie mpaka wa msamaha, kwa kuwa watu wengi huja na matumaini makubwa kuliko uwezo wake. Unafuta malipo ya huduma iliyopo hospitalini. Dawa isiyokuwepo dirishani haiwezi kupatikana kwa barua ya msamaha, na ndiyo maana njia aliyoieleza Mama wa Machame ibaki kuwa ya kwanza, msamaha ukiwa wa kugharimia vipimo, kumwona daktari na kulazwa.

Halafu bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, na katika ofisi ya mkoa ya NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, mnaweza kueleza hali ya kaya ya kaka na kuulizia uandikishaji unaomfaa yeye, mke na watoto. Ugonjwa usifichwe kwenye fomu. Ulizeni mapema ni dawa zipi za saratani zinazolipiwa na kwa masharti gani, na mpewe jibu hilo kabla ya kulipa. Hata isipogharimia imatinibu kwa haraka mnayoitaka, watoto watatu wakiugua malaria mwaka huu fedha ya nauli ya baba yao itanusurika.

Msomaji wa Kisumu:

Mwalimu, pole kwa yanayowakuta. Mke wangu ana ugonjwa huohuo na anapata dawa kupitia mpango huohuo hapa Kenya, hivyo nathibitisha maneno ya Mama wa Machame. Huku kwetu bima ya zamani, nayo ikiitwa NHIF, ilipisha SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, mwezi Oktoba 2024. Sasa mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na asiyeajiriwa hulipa kulingana na kipato cha kaya, kima cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi. Sisi tunaitumia kwa vipimo na matibabu mengine, kwa vile vidonge vyenyewe hatuvilipii. Wakenya watakaousoma uzi huu wasingoje kuugua ndipo walipe.

Nilichotaka hasa kusema ni tahadhari. Mke wangu alipogunduliwa, mtu mmoja alitufuata nje ya kliniki akasema ana uwezo wa kuharakisha jina lake kwenye orodha, akataka ada. Tulikuwa tumekwisha kufanya harambee na fedha ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikaribia kuitoa, kwa kuwa mtu mwenye hofu huona kila mlango kuwa wa wokovu. Muuguzi aliyetuona ndiye aliyetuita pembeni. Dawa ya msaada haiuzwi, na uandikishaji hauna ada ya pembeni. Yeyote atakayeitaja, mwondokeeni na mkamwambie daktari.

Jambo jingine, akishaandikishwa, kaka ataitwa kupimwa BCR-ABL mara kwa mara kuona kama dawa inafanya kazi. Miadi ile isipuuzwe kwa sababu anajisikia vizuri. Mke wangu alijisikia mzima baada ya miezi miwili, na hapo ndipo ilipokuwa vigumu zaidi kumshawishi kwamba safari bado inaendelea.

Mwanaufipa:

Nimerudi baada ya siku kumi na moja kuwaeleza tulipofikia.

Barua ya mtendaji tuliipata siku ya pili, na tulipofika hospitalini Mbeya tulianzia dawati la ustawi wa jamii kama mzee wetu alivyoelekeza. Dada aliyetupokea alisoma barua yote, akauliza habari za ng'ombe, akaandika. Kumwona daktari na vipimo vya kawaida vimesamehewa. Daktari alipoulizwa swali la dawa ya msaada alionekana kufurahi kwamba tumeliuliza. Alisema majibu ya BCR-ABL yakithibitisha ugonjwa atatukabidhi kwa mwenzake anayeshughulikia uandikishaji. Damu imechukuliwa na imetumwa, nasi tumeambiwa tusubiri majuma mawili. Kipimo hicho tulikilipia kutoka kwenye mchango.

Kaka anameza kila siku baada ya chakula cha jioni, na vimebaki vidonge kumi na kimoja. Kwa kuwa majibu yatachelewa kuliko vidonge, tumenunua jenereki ya siku kumi peke yake katika famasi iliyosajiliwa, bei ikawa chini sana kuliko ile tuliyotajiwa mwanzo, na risiti ninayo. Shilingi zilizosalia tumekubaliana ziwe za safari ya Mbeya, na wanakundi kumi na wanne wameahidi kuchangia kila tarehe 5. Mke wa kaka ndiye mtunza daftari.

Mama wa Machame, kaka anauliza kama unaweza kumweleza zaidi jinsi ulivyorudi kufanya kazi, kwa sababu mashine yake ya kuchomelea bado iko nyumbani na amekataa tuiuze. Nitaandika tena majibu yakitoka.

Mama wa Machame:

Mwambie asiiuze. Mimi nilirudi shambani katika mwezi wa tano wa kutumia dawa, kwa saa mbili za asubuhi, kisha nikaongeza kidogo kidogo kadiri bandama ilivyopungua. Yeye asinyanyue vyuma vizito wala kujigonga upande wa kushoto mpaka daktari amwambie imerudi mahali pake. Aanze na kazi ndogo za kukaa. Majibu yakitoka usiku, andika usiku huohuo, nitayasoma.